Asubuhi Nne za Dereva Clement

Clement Alute alikuwa dereva, na ukimwita fundi alikusahihisha hapo hapo. "Fundi yuko gereji," alisema. "Mimi kazi yangu ni kulisikiliza gari." Lakini katika miaka yote niliyokaa Singida sijaona fundi aliyelisikiliza gari kama yeye. Mafundi nimewaona wengi, na wengine huanza kufungua nati kabla hujamaliza kueleza tatizo lako. Watu wa namna hiyo siwapendi, hata katika mambo yasiyohusu magari.

Alikuwa Mnyaturu wa Ihanja, mrefu, mpole wa sauti, mwimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao. Miaka saba aliendesha lori la chama cha ushirika, akikusanya mtama na alizeti vijijini. Kisha biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, na ushirika ukabaki na maghala matupu na madereva wasio na cha kuendesha. Clement alipewa barua ya kupunguzwa kazi na kupeanwa mkono. Koti la kaki la ushirika halikudaiwa na mtu, akabaki nalo, na mimi sikuwahi kumwona bila hilo koti mpaka jua lipande.

Baba mkwe wangu, Mzee Abdulkadiri, ndiye aliyemchukua. Mzee alikuwa na duka mjini, na ilipokuja ruksa ya kuagiza vitu kutoka nje akawa miongoni mwa watu wa kwanza mtaani kwetu kununua pikapu ya dizeli, mtumba kutoka Japani. Aliinunua kwa faida ya alizeti. Alikuwa akikusanya mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine za mkono vijijini, anayaleta mjini kwenye madumu, anayauza hadi Dodoma. Mgeni akija na kuisifu pikapu, Mzee aligonga boneti kwa kiganja na kusema, "Usione hivi, hili haliendi kwa dizeli. Hili linakwenda kwa alizeti." Wageni walicheka. Mimi nilikuwa nyuma na sinia la chai, bibi harusi wa mwaka mmoja, na sikuona cha kuchekesha. Nilidhani wanacheka kwa kustaajabu, kama nilivyostaajabu mimi.

Msinicheke mapema. Nilitokea Kondoa, kwenye nyumba ambayo chombo pekee chenye magurudumu kilikuwa baiskeli ya baba, nayo ilikuwa haina breki. Mwaka ule wa 1992 kila mwezi lilikuja jambo jipya: sabuni ya unga, redio za kaseti za mkononi, juisi ya kukorogwa kutoka kwenye pakiti. Mtu mzima, tena mfanyabiashara, tena anayeswali swala tano, akisema mara kumi kwamba gari lake linakwenda kwa alizeti, mimi nani nimbishie?

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa saba, alfajiri, Mzee akiwa anatoka kwenda msikitini aliniambia kutoka mlangoni, "Rahma, mafuta yale pale stoo, dumu la mbele, yatiwe kwenye gari kabla Clement hajaondoka." Siku hiyo Clement alikuwa anakwenda Kilimatinde na mzigo wa chumvi na sabuni. Mzee alikuwa na dada yake huko, shangazi Anifa, na dumu lile la alizeti lilikuwa lake, apelekewe. Hilo la shangazi hakulitaja. Aliniambia mafuta yatiwe kwenye gari, akaenda zake.

Nilikuwa nimemwona Clement mara nyingi akijaza dizeli kutoka kwenye dumu, maana vituo vya mafuta vilikuwa vinaishiwa na Mzee aliweka akiba nyumbani. Nilijua mfuniko ulipo na faneli inapotundikwa. Dumu la lita ishirini lilinishinda kulinyanyua, kwa hiyo nikachukua jagi la maziwa nikamimina jagi moja baada ya jingine, kwa uangalifu, bila kudondosha hata tone. Mafuta yalikuwa ya rangi ya dhahabu, yananukia vizuri. Nikasema moyoni, gari hili linakula vizuri kuliko watu. Kisha nikaliosha dumu kwa maji ya moto na majivu, nikalipindua juu ya uzio likauke pamoja na mengine matano. Nilikuwa nimefurahi, kwa sababu nimefanya kazi bila kusukumwa, na mama mkwe wangu Bi Ziada hakuwa na la kusema.

Clement alifika, nikamwamkia, "Shikamoo, baba Lea," akaitikia, "Marahaba, bibi harusi." Aliwasha gari, akatazama geji, akatabasamu. "Mzee kaamka vizuri leo, kanijazia." Akaondoka.

Alirudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alipoliwasha, gari lilikataa, likakubali, kisha likaanza kutetemeka mpaka vioo vikalia. Moshi mweupe ulijaa uani. Lilikohoa hivyo kama dakika saba au nane, likatulia, likawa gari la kawaida. Mzee alitoka na mswaki mdomoni akauliza kuna nini. Clement alisema ni baridi, atalitazama.

Jumatatu msafiri alileta salamu kutoka kwa shangazi Anifa: chumvi imepita njiani kwenda dukani, sabuni imepita, lakini yeye dumu lake hajaliona, je, kaka amemsahau? Mzee hakuwa mtu wa kelele. Alimwita Clement uani, akaniita na mimi.

"Rahma," aliniuliza, "Alhamisi mafuta uliyatia kwenye gari?"

"Ndiyo, baba, niliyatia."

"Yote?"

"Yote, baba."

Akamgeukia Clement. "Umesikia. Mafuta yalitiwa kwenye gari, na kwa dada yangu hayakufika. Njiani ulikuwa wewe na nani?"

"Peke yangu, Mzee. Lakini dumu silijui. Nyuma palikuwa na chumvi na sabuni tu."

"Na gari tangu urudi linatetemeka kama mgonjwa wa homa. Mimi nimeanza biashara kabla hujaota ndevu, Clement. Dereva akiuza dizeli njiani huongeza mafuta ya taa ili geji isishuke. Sijasema umefanya. Nasema naona vitu viwili, na mtu ni mmoja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Si yote kwa mara moja. Kwanza nilielewa kwamba dumu lilikuwa la shangazi, kwamba lilitakiwa lipande nyuma ya gari likiwa zima na mfuniko wake. Halafu nikaelewa kwamba jibu langu, ambalo lilikuwa kweli tupu, lilikuwa limemfunga Clement mikono. Bi Ziada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko akinitazama. Hakuwa mama mkwe mbaya, lakini alikuwa na macho, na kwa mwaka mzima macho yale yalikuwa yakishuka tumboni kwangu na kupanda tena bila kuona mabadiliko. Mume wangu Mansuri alikuwa Dar es Salaam kufuata bidhaa. Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba.

Macho ya Clement yalikwenda kwenye uzio, yakarudi kwa Mzee.

"La dumu sina maneno, Mzee. La gari, nipe asubuhi nne."

"Nne za nini? Lipeleke gereji leo."

"Gereji watalipokea saa nne, limeshapata jua, halina ugonjwa. Hili linaumwa likiwa baridi, na gari baridi ni mara moja tu kwa siku. Ukishaliwasha, nafasi imekwenda mpaka kesho. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja hujui kipi kilichoponya. Jaribio moja, asubuhi moja."

Mzee alifikiri. "Mpaka Ijumaa kabla sijaenda kuswali. Ukinionyesha kwamba gari limeharibika lenyewe, tutaendelea. Usiponionyesha, nitatafuta dereva mwingine, na sitamwambia mtu kwa nini."

Lakini alikuwa ameshawaambia watu. Watatu dukani walikwisha kusikia, na dukani kwa Mzee watu watatu ni mji mzima.

Jumanne Clement alikuja kabla jua halijatoka. Mimi nilikuwa uani nawasha jiko la mkaa nikaange maandazi. Upepo wa Singida mwezi wa saba unaujua mfupa ulipo, na yeye alikuwa amefunga koti mpaka shingoni. Hakushika spana hata moja. Aliliwasha gari, akaenda kusimama nyuma, akainama kwenye bomba la moshi, akakaa hapo huku akihesabu kwa vidole. Moshi ukanifikia mimi na jiko langu.

"Mweupe," alisema, kama anayejisemea. "Ungekuwa mweusi ningesema linapewa chakula kingi. Mweupe ni chakula kinaingia, hakiungui. Dakika nane. Kisha kinaungua." Akanigeukia. "Maandazi yananukia, bibi harusi."

"Karibu, baba Lea."

Alichukua mawili, akala amesimama. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshapanga maneno, tangu kitandani nilikuwa nayapanga. Bi Ziada alitoka na ndoo, maneno yakarudi yalikotoka.

Jumatano alifungua plagi za moto. Ni vijiti vinne vifupi vya chuma vinavyoingia kwenye injini ya dizeli, na kazi yake ni kupasha kule ndani kabla gari halijawaka. Mtu asiyejua huona taa ya njano inawaka mbele yake na kulazimisha ufunguo papo hapo. Clement aliingoja izime kwanza, akinong'ona hesabu. Alizigusisha kwenye betri moja moja, mimi nikitazama kutoka jikoni. Ya kwanza ilianza kuiva ncha, ikawa nyekundu kama kaa la moto. Ya pili vilevile. Ya tatu. Ya nne ilichelewa, nikajikuta naomba Mungu iwe imekufa, iwe hiyo ndiyo yenye makosa, tumalizane. Nayo ikawa nyekundu.

"Nzima zote," Clement alisema, akazirudisha. Gari lilitetemeka dakika nane kama jana.

"Si ungebadilisha tu, uweke mpya?" nilimuuliza.

"Niseme ilikuwa hiyo? Halafu kesho litetemeke tena mbele ya Mzee?" Alifuta mikono kwenye kitambaa. "Kinachouma na kisichouma vyote unavijua kwa kuuliza, mwanangu. Ila lazima uwe tayari kusikia jibu."

Siku hiyo nilishinda na kichwa kinauma. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa inamtafuta mtu. Nilimkasirikia Mzee kwa utani wake. Nilimkasirikia shangazi Anifa, ambaye mtu mmoja na meno yake matatu anataka lita ishirini za alizeti za nini. Nilimkasirikia Clement mwenyewe kwa upole wake, kwa sababu angekuwa mkorofi ningelala usingizi.

Alhamisi nilishindwa kukaanga. Niliwasha jiko nikakaa mbele yake, sufuria halina kitu. Clement alikwishaweka mpira mweupe unaopitisha mwanga kwenye njia ya dizeli, akasema anatafuta hewa. Kama hewa inaingia, alisema, utaona mapovu yanapita. Aliwasha. Gari likaanza kutetemeka, na kwenye mpira hakupita povu hata moja. Kisha, injini ikiwa bado baridi na inakohoa, alishika spana akalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, moja kati ya nne zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Injini ikadhoofu. Akakaza. Akalegeza ya pili, ikadhoofu vilevile. Ya tatu. Ya nne. Kila mara aliinamisha kichwa, jicho moja amelifumba.

"Ungekuwa ugonjwa wa mmoja," alisema, "ningelegeza nati ya huyo na sauti isingebadilika, maana alikuwa hafanyi kazi tangu mwanzo. Lakini wote wanne wanafanya kazi, na wote wanne wanaumwa sawasawa." Akaweka spana chini. "Nyumbani watu wote wakiumwa tumbo siku moja, humpimi mtoto mmoja mmoja. Unaangalia sufuria."

Nilikuwa nimesikia harufu. Moshi ulikuwa unapita juu ya jiko langu tupu, na ulikuwa unanukia maandazi. Siku zote nilidhani harufu ile ni yangu, inatoka kwenye sufuria langu, na siku hiyo sufuria lilikuwa kavu. Nilimtazama Clement. Yeye alikuwa analitazama sufuria. Kisha akainama kukusanya vyombo vyake, taratibu, mtu ambaye hana haraka na kitu chochote duniani.

"Kesho nitafungua filta," alisema. "Asubuhi, ikiwa baridi, Mzee akiwepo."

Ijumaa walikuwepo wote. Mzee alirudi kutoka msikitini akasimama na kanzu yake, mikono nyuma. Bi Ziada alileta mwenyewe bakuli jeupe la bati ambalo Clement aliliomba. Mimi nilisimama nimeegemea nguzo ya jiko.

Clement alifungua filta ya dizeli polepole akaimimina ndani ya bakuli. Dizeli nzuri ni nyepesi na inang'aa. Kilichotoka pale kilikuwa kizito, cha manjano iliyochafuka, na ndani yake vinaelea vipande laini vyeupe kama mafuta ya supu iliyolala. Filta yenyewe ilikuwa imepakwa kitu hicho kotekote.

"Mafuta ya taa hayo," Mzee alisema. Hakusema kwa furaha.

"Mafuta ya taa hayagandi kwa baridi, Mzee. Hata ungeyapeleka juu ya mlima. Yaguse."

Mzee alichovya kidole, akasugua na dole gumba, akanusa. Mtu aliyeuza alizeti miaka mingi hahitaji kunusa mara mbili. Uso wake ulibadilika.

"Alizeti," alisema. "Alizeti ya vijijini, isiyochujwa sawasawa. Ikipata baridi inaganda hivi hivi kwenye dumu."

"Ndiyo. Asubuhi yanaziba filta, na yanayopita ni mazito, hayaungui vizuri. Injini ikipata joto yanayeyuka, gari linapona. Ndio ugonjwa wenyewe. Gari halina kosa."

Nilifikiri limekwisha. Kwa muda wa pumzi moja nilifikiri Clement ameokoka na mimi nimeokoka pamoja naye. Lakini Mzee alikuwa mfanyabiashara, na akili yake ilikuwa imeshakwenda mbele yetu.

"Kwa hiyo dumu la dada yangu liko humu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ulilimimina kwenye tangi langu ujaze nafasi ya dizeli uliyouza. Mimi nilidhani mafuta ya taa. Wewe umetumia mafuta ya dada yangu. Clement, umeniletea ushahidi wako mwenyewe kwenye bakuli."

Clement alikuwa amechuchumaa na bakuli mbele yake. Angeweza kusema. Aliitazama filta tu, akaiweka juu ya gazeti isichafue ua.

"Nijibu."

"Sina jibu, Mzee."

"Basi acha ufunguo, uende."

Clement aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Nikaona ufunguo umetoka. Nikaona anaushika kwa mkono wa kulia na kukishikilia kiwiko kwa mkono wa kushoto, heshima ya kumpa mkubwa kitu, hata saa hiyo.

"Baba," nilisema. "Ni mimi."

Mzee hakunisikia, au alidhani hakusikia vizuri. Nikasema tena. Nilisema nikiwa nimeiacha nguzo.

"Ni mimi niliyeyatia kwenye tangi. Uliniambia mafuta yatiwe kwenye gari. Nikayatia kwenye gari. Clement alikuwa hajafika."

"Kwenye tangi?" Mzee aliuliza. "Alizeti?"

"Ulisema gari hili haliendi kwa dizeli, linakwenda kwa alizeti. Ulimwambia kila mgeni."

Kuku walikuwa wanaparua majivu, nikawasikia.

"Lita ishirini?" Bi Ziada ndiye aliyeuliza. "Ulilinyanyuaje?"

"Kwa jagi, mama."

"Jagi lipi?"

"La maziwa."

"Astaghfirullah," alisema Bi Ziada, na nadhani jagi ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mabega ya Mzee yalianza kucheza. Alikuwa anacheka bila sauti, mkono kinywani, machozi yakimtoka. Kisha akamwona Clement, ambaye alikuwa hacheki, bado ameunyoosha ufunguo. Mzee akaacha kucheka. Alivua kofia akaishika mkononi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu aliyemwajiri.

"Clement, tangu Jumatatu nimekuita mwizi moyoni, na leo nimekuita kwa mdomo. Nimekukosea. Rudisha ufunguo mfukoni."

"Yamekwisha, Mzee."

"Hayajaisha. Kuna watu watatu niliowaambia."

Akaenda kwa kila mmoja siku ile ile baada ya swala, kwa miguu, akimtafuta mwenyewe alipo, akamwambia kwamba yeye Abdulkadiri ndiye aliyekosea. Wawili walicheka sana na habari ya jagi ikaenea. Mpaka leo wako watu Singida wanaoniita Rahma Jagi, na nimezoea. Ndani ya nyumba yetu tangu siku ile hakuna aliyesema "mafuta" peke yake. Ni "ya gari" au "ya jikoni", na mgeni asiyejua sababu alituona watu wa ajabu. Kuhusu mimi, Bi Ziada hakunisemesha neno kwa siku mbili, na siku ya tatu alinipa ufunguo wa stoo. Akasema aliyekwishakosea hivyo hawezi kukosea tena.

Lakini nilichotaka kueleza ni cha mchana wa Ijumaa ile. Clement alikuwa chini ya gari anamwaga tangi, nami nikampelekea ugali na mlenda. Nilikaa juu ya jiwe nikamngoja atoke. Nililia hapo, na sikujificha.

"Nisamehe, baba Lea."

"Nimekusamehe." Alitoka, akaketi, akanawa. "Kula na wewe."

"Ulijua lini?"

Alimega tonge, akalifinyanga muda mrefu. "Jumamosi nilinusa moshi, nikajua ni alizeti. Sikujua imeingiaje. Jumatatu Mzee alipokuuliza kama uliyatia, ukasema niliyatia yote, nikaona dumu limeoshwa liko juu ya uzio. Nikajua."

"Jumatatu?" Niliona kama sijasikia vizuri. "Na plagi? Na nati za nozeli? Na mpira?"

"Nilihakikisha na hayo pia, si vibaya. Lakini gari lilihitaji asubuhi moja tu. Zile tatu zilikuwa zako."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mbele ya Mzee, sentensi moja tu, na yeye angebaki na kazi yake na jina lake bila kusumbuka. Alisema dereva akimtaja mke wa nyumba, hata akiwa mkweli, mke huyo hapumziki tena ndani ya nyumba hiyo. Watasema alificha, aliumbuliwa. Akijitaja mwenyewe ni habari nyingine.

"Na kama nisingesema? Ulikuwa umeshatoa ufunguo."

"Ningeuacha."

"Ungeacha kazi kwa sababu ya ujinga wangu?"

"Mimi nina shamba Ihanja, nina mke wangu Editha, nina nyumba ya udongo isiyovuja," Clement alisema. "Ningelima. Wewe wangekurudisha Kondoa, na nimesikia kule hakuna anayekungoja."

Alisema kama anayesoma kibao cha barabarani, bila huruma ya kuonyesha, akarudi kwenye mlenda wake. Sikuwahi kumwambia habari za Kondoa. Labda aliwasikia watu wakisema nyuma ya gari, au alinisikiliza mimi mwenyewe, kama alivyosikiliza kila kitu. Nilikula pamoja naye mpaka sahani ikaisha, kisha nikamshikia faneli wakati anajaza dizeli.